Rubani Aliyejitwisha Mayai

Kwa muda mrefu niliamini, tena kwa moyo wangu wote, kwamba rubani akiacha kazi kampuni humpa ndege. Si ndege ya picha ya kutundika sebuleni. Ile ile aliyoirusha zaidi, kama askari anavyobaki na buti zake kwa sababu zimeshachukua umbo la miguu yake. Kinyozi wa mtaa wa Mbugangari ndiye aliyenieleza, akiwa ameshika wembe shingoni mwangu, na mtu mwenye wembe shingoni mwako humbishii. Alisema ndege ikishazoea mkono wa mtu mmoja, akiishika mwingine inagoma kupanda, ndiyo maana wanamwambia mwenyewe aende nayo. Na huyu rubani wa kwetu, aliyefungua depo ya mayai kwenye barabara ya kwenda Petite Barrière, kile kivuko cha waenda kwa miguu kwenye mpaka wa Goma, ya kwake ameificha Nyakiriba katikati ya mashamba ya viazi. Mabawa yameng'olewa na kulazwa ghalani. Kila Jumapili anapanda huko na jerikani kwenda kuinywesha ili isife.

Sikucheka. Niliuliza swali moja tu, swali la mtu aliyesoma biashara: "Na mafuta yake nani anayalipia?" Kinyozi akasema serikali. Nikaridhika.

Msinione mjinga wa bure. Nina diploma. Niliipata kwa masomo ya jioni nikiwa tayari baba wa watoto, magoti yangu yakiinua dawati mpaka mwalimu akadhani ni tetemeko, na sisi wa Gisenyi tetemeko tunalijua, hatulifanyii mzaha. Nilisoma habari za mtaji, za soko, za mteja ambaye ni mfalme. Hakuna ukurasa uliosema kwamba rubani hapewi ndege. Hilo ni kosa la vitabu.

Kwa hiyo rubani huyo aliponiajiri kupokea mayai na kuyapanga kwenye trei, nilirudi nyumbani nimevimba kama andazi. Nilimwambia mke wangu kwamba kuanzia sasa nafanya kazi na mtu aliyeona mgongo wa mawingu. Kila mtu alimwita Komanda. Alikuwa ameendesha ndege ndogo za mizigo upande wa pili, kutoka Goma kwenda kwenye viwanja vya porini ambavyo, kwa maelezo yake, vilikuwa njia za mbuzi zilizonyooshwa kidogo. Alipeleka sabuni, maharage, mabati, na safari moja ng'ombe aliyefungwa miguu ambaye, mimi naapa, alishuka akiwa anaelewa Kifaransa. Kisha safari za huko zikasimama. Kampuni ikahamishia ndege zake mbali, ikamwambia afuate. Yeye akavuka mpaka akarudi nyumbani, akavua lile shati lenye mistari mabegani, akapanga kibanda cha mabati na kuanza kununua mayai vijijini.

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, na mpaka leo haijaisha, imepumzika tu.

Mji ulimcheka. Mwalimu akiacha chaki akafungua duka la vocha, watu husema amepiga hatua. Karani wa ofisi akinunua pikipiki akampa kijana aendeshe, anapongezwa mpaka kanisani. Lakini rubani kushika yai! Ungedhani kila mtu alikuwa amedhulumiwa yeye binafsi. Watu wazima, wenye tai na mikoba, walipunguza mwendo mlangoni kwetu.

"Komanda! Leo mayai inaruka saa ngapi?"

"Kila yai iko na mukanda yake ya kiti?"

Mmoja, ambaye sitamweleza zaidi kwa sababu atajitambua kwa tai, alisimama kabisa, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kujitengenezea, akasema, "Bon, Mungu anashushaka wenye kujiinua."

Kujiinua! Mtu alikuwa analipwa ili ajiinue! Ndiyo ilikuwa kazi yenyewe! Nilitoka nje na trei mkononi nimweleze hivyo, lakini alikuwa ameshaondoka, na trei ya mayai si silaha unayoweza kukimbia nayo.

Komanda mwenyewe hakujibu. Alikuwa mtu wa kunyamaza, mwembamba, mwenye tabia ya kutazama juu kila anapotoka nje hata kama anakwenda chooni tu. Kilichomuumiza hakikuwa kucheka kwa wapita njia. Kilichomuumiza ni kwamba wanawake hawakuja.

Kwa wasioijua biashara hii ya mpakani, nieleze. Mayai hayavuki peke yake. Yanavuka juu ya vichwa vya akina mama, trei juu ya trei, zimefungwa kamba, chini yake ingata, kile kitambaa kinachoviringwa kiwe kiota cha mzigo. Na mama wa mpakani hachukui mzigo popote anapotaka. Yeye ni wa depo fulani. Depo yake ndiyo inayomwekea mayai yanapoadimika, ndiyo inayokwenda kumsemea mzigo wake ukizuiliwa, ndiyo inayosimama kwenye msiba wake na kreti za Fanta. Akihama, mlango wa nyuma unafungwa, harudishwi. Kwa hiyo kumwacha mwenye depo wa zamani na kumfuata mpya ni kama kuolewa upya. Unamtazama mtu miguu, meno, na ukoo.

Kuna jambo jingine ambalo halikuandikwa popote lakini kila mtu analijua. Mwenye depo mpya anavuka nao mara moja. Anajitwisha kichwani, mbele ya macho ya watu, anakwenda na kurudi. Hata yule jirani yetu mnene wa depo ya unga alivuka, na mpaka leo anasimulia kana kwamba alivuka jangwa. Baada ya hapo habebi tena maisha yake yote. Lakini hiyo moja lazima.

Komanda hakuvuka. Badala yake alitengeneza kipande cha boksi, akaandika juu yake kwa kalamu nene maneno ya kuulizwa kabla mzigo haujatoka. Tulikuwa na wanawake wawili tu, wageni mjini, ambao hakuna depo iliyowataka. Kila asubuhi aliwasimamisha mlangoni, akasoma kwa sauti ile ile aliyosomea kwenye ndege.

"Kamba?"

Wanajibu, "Iko."

"Ingata?"

"Iko."

"Karatasi ya kuvukia?"

"Iko."

"Viatu?"

Hapo aliinama, akatazama nyayo. Kandambili iliyolika alimrudisha mwenye nayo: "Mama, huondoki na tairi hiyo." Na trei zikizidi kimo alichokiweka yeye, alizishusha bila mjadala, hata mwenye kichwa aseme anaweza mara mbili yake. Ng'ambo ya barabara wanawake wa depo nyingine walisimama kutazama kama wanaotazama harusi. "Misa imeanza," walisema. "Padri wa mayai iko anasoma."

Kiongozi wao tulimwita Mama Mukubwa. Alikuwa akivuka mpaka huu kabla mimi sijaota ndevu, na sauti yake ingeweza kusimamisha lori la mchanga kwenye mteremko. Siku moja aliniita.

"We mwanafunzi wa jioni. Kuja hapa."

"Niko, mama."

"Boss yako njo anatupimiaka mizigo? Ye mwenyewe alibebaka lini?"

"Mama, yule ni rubani. Amebeba tani na tani."

"Ndege njo ilibebaka. Ye alikuwa anakaa."

Wenzake wakapiga makofi. Nilianza kumtajia yale ya diploma yangu kuhusu usafirishaji, makofi yakanizidi. Mama Mukubwa akanisogelea, sasa bila mzaha.

"Sikiliza, papa. Mayai yake ni mazuri, tunaona. Haibi kwa kuhesabu, tunasikia. Lakini mutu iko na ndege yake kule Nyakiriba. Siku moja anaamuka na hasira, anaruka, anatuacha na ingata kichwani. Tutarudi kwa nani?"

Sasa niambieni, ningembishia vipi? Mimi mwenyewe nilikuwa naamini. Tena niliamini kwa ushahidi, maana nilikuwa nakwenda Nyakiriba kuchukua mayai kwa wafugaji, na nyuma ya ghala moja nililiona kwa macho yangu turubai la bluu limefunika kitu kirefu chenye mgongo, urefu wa kanisa, na mbwa amefungwa pembeni. Sikulifunua. Mambo ya serikali hayafunuliwi. Nilivua kofia tu, nikapita.

Lakini ule ujumbe wa kubeba nilimpelekea Komanda. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akifuta trei.

"Rubani hagusi mzigo," alisema. "Ndivyo nilivyofundishwa. Ukiubeba mwenyewe utamwonea huruma mwenye mzigo. Ukimwonea huruma utamwongezea kidogo, na kesho kidogo tena. Nimezika rafiki zangu kwa sababu ya hiyo kidogo."

"Komanda, haya ni mayai."

"Na wale ni watu."

Nilikasirika, nasema ukweli. Niliwakasirikia wanawake kwa kumdai mtu wa cheo chake ajitwishe kama mpagazi, nikamkasirikia yeye kwa kukataa jambo dogo hivyo, nikamkasirikia jirani wa unga aliyekuwa akipita kila jioni kuchungulia trei zilizobaki, akisema, "Pole, sha, biashara ni ya wenyewe." Ya wenyewe! Wenyewe ni nani? Kuna mtu alizaliwa na trei chini ya kwapa?

Mayai yalibaki. Yai linalobaki ni mgeni mbaya, kila siku linazidi kuwa na tabia. Tukaanza kuuza ya zamani kwa bei ya hasara kwa wauza chapati. Mke wa Komanda ndiye aliyeyachunguza kwa tochi ya simu, moja moja, nyuma ya depo, akiwa amekalia ndoo iliyopinduliwa. Ni yeye aliyenieleza kilichokuwa kinatungoja.

"Ile kampuni inapiga simu kila wiki," alisema bila kuinua macho. "Wanamutaka. Ameniambia shule zikifunguliwa, kama bamama hawajaingia kwetu, atarudi kuruka. Kodi ya depo haitoki tena, na watoto lazima warudi shule."

"Si ni vizuri, madame? Mushahara wa rubani!"

Akaniangalia. Tochi ilikuwa bado inawaka chini ya yai, yai likawa jekundu mkononi mwake.

"Papa, zile ndege unazijua? Zimezeeka kuliko mimi. Viti wametoa, mulango wanafungaka na waya. Wale walioanza naye kazi, nikitaka kuwasalimia naenda makaburini. Mi nilikuwa nikisikia ndege inapita juu ya ziwa, nasimama na sahani mukononi mpaka inyamaze. Miaka yote hiyo sikuwahi kuosha vyombo nikamaliza kwa mara moja."

Alizima tochi, akaliweka yai upande wa mazima.

"Sasa naosha, namaliza. Njo hiyo tu niko nayo ya kuomba."

Nilitoka pale moto umeniwaka mpaka masikioni. Na hasira yangu kubwa, nikiri tu jinsi ilivyokuwa, ilikuwa juu ya Komanda. Mtu ana ndege yake mwenyewe! Mke anatetemekea mikweche ya watu, depo haina hata mlango wa maana, na yeye anaiacha mali nzima inalala chini ya turubai na mbwa! Si auze hata gurudumu moja? Si auze kiti? Nilipiga hesabu njiani kurudi nyumbani, hesabu za diploma, nikaona kwamba kwa bawa moja tu tungeweza kujenga depo ya ghorofa yenye lifti ya mayai. Lakini sikumwambia. Mtu hamwambii mwenzake habari za mali yake aliyoificha. Hiyo ni adabu.

Asubuhi moja, shule zikiwa karibu kabisa kufunguliwa, sare za watoto zimeshaanikwa kila uzio, jeep nyeupe ilikuja ikasimama mbele ya depo. Ilikuwa imepitia Grande Barrière, kivuko cha magari, bado ina vumbi jeusi la upande wa pili kwenye matairi. Akashuka bwana wa ile kampuni. Alikuwa na miwani ya giza, tumbo lililotangulia, na viatu ambavyo mamba wawili walikuwa wamekufa kwa ajili yake. Ilikuwa saa ile foleni ya wanawake inashuka kwenda mpakani, kwa hiyo barabara nzima ilisimama kuona.

"Commandant!" alipiga kelele kama yuko mlimani. "Donc, ni kweli? Umetoka kwa ndege ukakuja kwa kuku?"

"Karibu, patron," Komanda alisema. "Kaa."

"Nikae wapi? Juu ya mayai? Nitaatamia?" Alicheka peke yake. "Ndege iko tayari. Mashine wamefungua, wamefunga. Unapanda jeep sasa hivi, tunaenda."

"Nilikwambia uningojee."

"Kungojea nini?" Alichukua yai kwenye trei yangu, trei niliyoipanga mimi kwa mikono yangu miwili, akalirusha juu, akalidaka. "Hii nayo unaita kazi? Acha bamama wabebe mayai. We kuja, ushike kitu ya wanaume."

Ndugu msomaji, nilikuwa nimeandaa hotuba. Ilianza na mtaji na kuishia na utu wa binadamu, na ilikuwa na maneno ya Kifaransa mahali pake. Nilifungua mdomo. Lakini ng'ambo ya barabara Mama Mukubwa alikuwa ameshaanza kuvuka, ingata kichwani, mikono kiunoni.

"Ati kitu ya bamama," alisema. "Na we, papa, hilo tumbo alikujazia nani? Baba yako?"

Barabara ikaangua kicheko. Bwana wa kampuni akacheka pia, kicheko cha mtu anayengoja wengine wachoke, akatoa simu yake. "Ngoja niwapige picha. Wenzako kule waone Commandant na kikosi chake cha kuku."

Nilikwenda nikasimama mbele ya simu yake. Mwili wangu si mdogo, na siku ile niliupanua makusudi, nikawa kama kabati. Alisogea kushoto, nikasogea kushoto. Alisogea kulia, nikawa nimeshafika. Mpaka leo ana picha za vifungo vya shati langu.

Nyuma yangu nikasikia sauti ya Komanda, ile ya kawaida, ya chini.

"Mama, niazime ingata."

Nikageuka. Alikuwa anamwambia mmoja wa wale wanawake wetu wawili. Yule mama alimpa huku akitazama wenzake kama anayeuliza kama ni ndoto. Komanda akajaribu kuviringa kitambaa. Jamani! Mtu aliyetua kwenye njia za mbuzi katika ukungu alikiviringa kile kitambaa kama anayefunga kidonda cha ndizi. Mama Mukubwa akavumilia kidogo, kisha akaguna, akamnyang'anya, akakiviringa upya kwa mizunguko miwili, akakipiga juu ya kichwa cha Komanda kwa kofi ambalo nadhani lilimfupisha.

"Trei ngapi?" akauliza.

"Zile zile ninazowaruhusu ninyi."

Tukazifunga kamba, tukamtwisha. Alisimama wima, macho mbele, mikono imenyooka pembeni utadhani anapimwa na fundi nguo. Bwana wa kampuni aliita, "Commandant, usijiaibishe!" Hakuna aliyemsikiliza. Mama Mukubwa alikuwa amesimama mlangoni, mahali pale pale Komanda alipokuwa akisimama kila asubuhi, akakohoa, na bila boksi wala kalamu akaanza.

"Kamba?"

Komanda akaigusa kamba kwa kidole. Kisha, "Iko."

"Ingata?"

"Iko."

"Karatasi ya kuvukia?"

"Iko."

Mama Mukubwa aliinama, akavitazama viatu vya Komanda vilivyong'arishwa, akavizunguka kwa dharau, akainuka. "Viatu?"

"Iko."

"Shingo?"

"Bado iko."

"Aibu?"

Na wanawake wote, wa depo zote, pande zote mbili za barabara, wakajibu kwa pamoja kabla yeye hajafungua mdomo: "Haiko!"

Akaondoka. Nilikwenda pembeni yake njia nzima, nikiwa tayari kudaka, ingawa sijui ningedaka nini. Alitembea kana kwamba kila hatua ni kutua upya. Jasho lilimshuka kwenye nyusi akashindwa kulifuta, na mama mmoja kwenye foleni akamfuta kwa ncha ya kitenge chake, kama wanavyofutana wao. Jirani wa unga alitoka mlangoni kwake, mdomo wazi, unga kwenye ndevu. Kwenye mpaka afisa alimtambua.

"Komanda! Leo unapita chini?"

"Leo napita chini."

Alivuka. Alishusha mzigo kwa mnunuzi wa upande wa pili. Yai moja lilipatikana limepasuka, na hilo nalo, nitasema hata mbele ya hakimu, lilikuwa na ufa tangu kwa kuku. Aliporudi alikuwa anashika shingo kwa mikono yote miwili. Hakutamba. Alimwambia Mama Mukubwa jambo moja, nami nilikuwa karibu nikalisikia.

"Kile kimo changu si kibaya. Lakini mahali pa kupumzika hakuna. Kutoka hapa mpaka kule, hakuna hata jiwe la kutulia."

"Sasa umejua," Mama Mukubwa alisema.

Aliingia ndani ya depo yetu kwa mara ya kwanza. Alilitazama paa, akaitazama sakafu, akazitazama trei zangu. Nikajikaza nisikilize dharau.

"Benchi iko wapi?" aliuliza kwa ukali. "Mvua ikinyesha tutakaa wapi? Kwa mabega ya huyu mwanafunzi? Mi sikuacha depo ya watu ili nikuje nisimame hapa kama mulingoti."

Alikuwa amesema "sikuacha", kana kwamba imeshafanyika. Na ilikuwa imeshafanyika, kwa sababu nyuma yake wengine waliingia, wakasukumana, wakaanza kugombana nani atakuwa upande wa dirisha. Dirisha lenyewe hatukuwa nalo.

Bwana wa kampuni alikuwa bado yupo, amekaa ndani ya jeep, mlango wazi, chupa ya soda mkononi. Komanda alimwendea. Nilimfuata hatua chache nyuma, kwa ajili ya usalama wa taifa.

"Patron, tafuta mwingine. Mi sirudi."

"Mambo ya siku moja hayo. Njaa itakurudisha."

"Labda. Lakini leo hapana."

"Utanipigia simu, Commandant. Na siku hiyo mi njo nitapanga bei."

"Safari njema."

Jeep ikageuka kwa hasira, ikaturushia vumbi. Nililitemea mate vumbi lile. Kumwambia mtu mzima kwamba njaa itamrudisha, mbele ya mlango wake, wakati ameshikilia shingo! Kuna watu wakiona mwenzao anasimama kwa miguu yake mwenyewe wanaona kama amewakanyaga. Mke wa Komanda alikuwa amekaa kwenye ndoo yake, amefunika uso kwa kanga, na mabega yake yalikuwa yanacheza. Sikujua kama analia au anacheka. Nadhani hata yeye hakujua.

Basi furaha na hasira vikanipanda kwa pamoja, na vikipanda kwa pamoja mimi huwa sina breki. Nikamshika Komanda mkono mbele ya wote.

"Umefanya vizuri, Komanda! Vizuri kabisa! Wakuite ukarushe mikweche yao iliyofungwa na waya, na we iko na ndege yako mwenyewe, nzima, inakungojea Nyakiriba! Njaa gani itakurudisha? Siku ikikuja mbaya unauza bawa moja, tunaendelea!"

Wanawake wakatikisa vichwa kukubali. Hilo lilikuwa jambo linalojulikana. Mke wake akaondoa kanga usoni. Komanda akanitazama kama anayesoma kitu kilichoandikwa mbali.

"Ndege gani?"

"Ile waliyokupa ulipoacha kazi."

Aliacha kujikanda shingo.

"Hakuna rubani anayepewa ndege," alisema. "Ndege ni ya kampuni, na kile kirefu kilichofunikwa kwa turubai kule Nyakiriba ni viazi vya watu. Siku niliyoacha nilirudisha beji na kofia, nikapanda pikipiki mpaka barrière, nikavuka kwa miguu. Nilicho nacho ni haya mayai."